Baruti ya Makopo Mawili

Chelangat mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: umetoka hapa saa nane ukicheka, umeenda Chepseon kuwaaga wenzako, na koti langu la mvua umelichukua bila kuuliza. Mama yako amepeleka majani ya chai kituoni, na foleni ya mizani itamkalisha huko mpaka jioni. Nyumba imebaki yangu peke yangu. Mvua inapiga mabati, nami nimechomoa karatasi katikati ya daftari lako la Jiografia kwa sababu bado ni safi, na mimi, kama ujuavyo, sinunui kitu kilichopo.

Kesho utapanda basi kwenda chuo cha askari wa wanyamapori. Mambo ya sweta mbili, mafuta ya kujipaka, kutokula vya njiani na kuandika barua kila mwezi, hayo nimemwachia mama yako. Anayajua kuliko mimi na anapenda kuyasema. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka sita.

Lilitaka kunitoka Jumapili. Unakumbuka wazee walipomaliza kukubariki, tukaketi kunywa chai, mjomba wako Kiplangat akainua mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na kidole gumba na kidole kidogo. Akasema, "Chelangat, huko utapewa bunduki ya serikali. Bunduki ni sawa. Lakini risasi, angalia vizuri. Mimi nilipigwa na risasi ya Mkikuyu, ona vile niko." Watu wakacheka. Nawe, kikombe mkononi, ukamjibu, "Usijali mjomba. Nikipata mtu wao kwa stoo ya risasi, nitahesabu vidole vyangu kwanza." Watu wakacheka zaidi. Hata mimi nilicheka, mpaka chai ikanipalia na wewe ukanipiga mgongoni.

Tangu siku hiyo usingizi umenikataa. Risasi iliyokata vidole vya mjomba wako niliijaza mimi, kwa mikono yangu, kwenye meza hii ninayoandikia. Baba Wambui, huyo Mkikuyu mliyemcheka, hakutuuzia kitu kibovu. Hakumuuzia mtu yeyote kitu kibovu.

Basi, limetoka. Sasa nikueleze lilivyokuwa, maana nikiliacha hapo utadhani ilikuwa bahati mbaya, na mimi si mtu wa kujificha nyuma ya bahati mbaya tena.

Unanijua. Mama yako husema nikimenya viazi, maganda yake hayawezi kumshibisha hata kuku. Kamba iliyokatika naiunga, msumari uliopinda naunyosha, na shati la Jumapili hugeuzwa kola kabla halijashushwa cheo likawa la shambani. Sioni aibu kwa hayo. Haba na haba hujaza kibaba, na hicho kibaba ndicho kilicholipa karo yako. Lakini ubahili ukishakuwa tabia, hauulizi tena unaingia nyumba gani. Unaingia tu.

Kabla hujazaliwa nilifanya kazi kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho, chini ya meneja mmoja Mzungu. Kila Jumamosi yeye na wenzake walirusha sahani za udongo hewani na kuzipiga kwa bunduki za marisau, zile chembe ndogo za risasi zinazotawanyika. Kazi yangu ilikuwa kusafisha bunduki na kuokota maganda ya risasi nyasini. Nilidhani yanatupwa, kumbe yanajazwa tena. Alikuwa na kimashine cha mkono, kama kile cha kubania vifuniko vya chupa, na alinifundisha: unatia fataki mpya, ile inayowasha baruti, kwenye kitako cha ganda, unapima baruti, unatia marisau, unafunga. Risasi mpya, kwa bei ya chini sana. Chelangat, siku ile nilimpenda yule mtu. Nilijiona nimekutana na ndugu.

Alipostaafu aliniachia kile kimashine, kopo la baruti na mfuko wa marisau. Mimi nikanunua bunduki kuukuu ya mtutu mmoja, na ofisi ikanipa leseni kwa kuwa shamba letu limepakana na msitu na nguruwe-mwitu walikuwa wakivuna mahindi kabla yetu. Leseni ilikuwa ya bunduki na ya kununua risasi. Ya kujaza risasi nyumbani sikuwa nayo, na sikuiomba, maana kuomba kungetaka nauli na siku tatu za kukaa kwenye benchi. Yule Mzungu alikuwa na kibali. Mimi nilikuwa na kimashine.

Kuna ubahili mmoja wa bunduki ambao sitaujutia kamwe, nao ni ule niliokufundisha wewe. Unakumbuka? Bunduki tupu, ganda lililokwisha kutumika ndani yake, na sarafu juu ya mtutu. Unalenga kopo lile la rangi kwenye nguzo ya boma, unavuta kifyatulio polepole, na sarafu ikianguka umeshindwa. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulisimama pale wiki baada ya wiki, ulimi nje, na sarafu ikakataa kuanguka. Nilipokupa risasi moja ya kweli, moja tu, ulipiga lile kopo likaruka mpaka kwa ng'ombe. Mama yako alinigombeza siku mbili. Huko uendako watashangaa mkono wako ulivyotulia, nawe ukiulizwa ulitumia risasi ngapi kujifunza, waambie ukweli.

Sasa Baba Wambui. Najua umesahau mengi juu yake, na sisi watu wazima ndio tuliokusaidia kusahau. Alikuja kutoka sehemu za kati akiwa kijana, akafungua duka la majembe, mbegu na dawa za kuogeshea ng'ombe pale Chepseon, na alikuwa na leseni ya kuwaletea wakulima risasi. Kikipsigis alikizungumza bila kuchanganya, kuliko vijana wetu wa siku hizi. Ulipozaliwa na wanawake wakataja majina ya waliotangulia, ukapiga chafya kwa jina la mama yangu, ishara kwamba umelikubali, yeye ndiye aliyeleta sukari ya kwanza. Na Wambui wake mliketi dawati moja tangu darasa la kwanza.

Kopo la yule Mzungu lilipokaribia kwisha nilimwomba Baba Wambui aniletee jingine. Alijua ninajaza. Alinikemea kidogo, kisha akaleta, kwa sababu tulikuwa marafiki na kwa sababu nilimsumbua. Aliponipa alilishikilia kwanza. Akasema, "Arap Sang, hii si kama ile ya mzungu wako. Hii iko na nguvu yake na kipimo yake. Ile ingine kama imebaki, mwaga. Usichanganye." Nikamwambia sawa. Akarudia, "Usichanganye, nimekuambia." Nikamwambia, "Baba Wambui, kwani mimi ni mtoto?"

Nilipofika nyumbani nikafungua kopo la zamani. Ilibaki kama theluthi. Nilikaa nalitazama. Nimwage? Wewe fikiria mtu kama mimi, amwage. Sisi ni watu wa maziwa na chai. Maziwa ya jioni na ya asubuhi tunayatia kopo moja, majani ya kichaka hiki na ya kile tunayatia gunia moja, na kiwandani wanachanganya tena, ndiyo chai inapata ladha. Hakuna mtu aliyewahi kudhurika kwa kuchanganya. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikamimina kopo katika kopo, nikatikisa, na nikapima kwa kile kijiko kidogo cha Mzungu nilichokizoea. Nikajaza risasi ishirini na nne.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na aliyevunjika ni mwingine.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nguruwe walikuwa wameharibu mistari mitano upande wa chini, na mjomba wako alikuja kunisaidia kuziba boma. Nilichukua bunduki ili nijaribu risasi zangu mpya. Nilipiga ya kwanza mimi.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu hii sehemu sikuwahi kuisema kabla ya leo, hata katika sala. Ile risasi ya kwanza ilinipiga teke begani kuliko risasi yoyote niliyowahi kupiga. Mlio wake ulikuwa mkali, si ule wa siku zote. Nilipofungua bunduki, ganda liligoma kutoka, nikalichokoa kwa kisu. Miaka yote nilikaa na yule Mzungu. Nilijua maana yake: nguvu ya baruti imezidi. Nilijua kabisa. Kitu cha kufanya kilikuwa kuweka bunduki chini na kuzifungua zote ishirini na tatu, nimwage baruti, nianze upya. Nami nikaanza kupiga hesabu ya hasara.

Mjomba wako akasema, "Shemeji, hiyo kitu yako leo iko na moto! Nipee nami nijaribu."

Nikampa. Nikamwambia, "Iko sawa, ina nguvu tu." Chelangat, nimejiuliza mara nyingi kama nilimpa kwa ukarimu, au kwa sababu sikutaka iwe kwenye bega langu tena. Kuna siku najibu hivi na siku najibu vile. Alipiga moja, akacheka. Akatia ya pili, na mtutu ukapasuka pale alipoushikilia kwa mkono wa kushoto.

Damu na yale mengine sikuandikii; ulikuwa jikoni, uliyasikia. Tulimkimbiza hospitali ya misheni kwa pikapu ya jirani. Nilimshika njia nzima, nikamwambia pole, pole, shemeji, pole. Akaniuliza, meno yakigongana, "Hiyo risasi ulitoa wapi?" Nikasema, "Kwa Baba Wambui." Neno lilitoka lenyewe, haraka kuliko fikira. Na nusu yake ilikuwa kweli, ndiyo sababu lilikaa vizuri mdomoni.

Siku ya nne Baba Wambui alikuja kutupa pole, na unga na sukari. Alingoja mama yako atoke. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Arap Sang, ulichanganya?" Nikamsogezea kikombe cha chai. Akatazama meza hii, kile kimashine bado kilikuwa hapa kona. Akasema, "Toa hiyo kitu kwa nyumba kabla polisi hawajakuja. Watakufunga." Nilikitupa chooni jioni ile ile. Unaona? Alinifundisha namna ya kujiokoa.

Tukaitwa kwa chifu. Watu walijaa. Chifu akaniuliza risasi ilitoka wapi, nikasema ilitoka dukani kwa huyu mzee. Akamgeukia yeye: "Ni kweli?" Baba Wambui alinitazama. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: huyu hujaza mwenyewe. Angeisema, leo ningekuwa nimetoka jela karibuni, na wewe karo yako ingelipwa na nani sijui. Akasema, "Huyu ni mteja wangu. Kama ilitoka kwangu, basi ilitoka kwangu. Naomba msamaha kwa huyu kijana." Akatoa ng'ombe wa kumpoza mjomba wako. Yule mwekundu mwenye doa, ambaye ndama zake bado wako kwake. Leseni yake ya risasi ikachukuliwa.

Nilijiambia yamekwisha. Lakini neno ukishaliachilia sokoni halirudi kukuuliza liende wapi. Mwezi haukuisha watu walikuwa wakisema mzee wa duka anawauzia watu wetu risasi mbovu makusudi. Wengine wakaongeza mbegu mbovu, dawa mbovu. Wewe ulirudi shuleni siku moja ukasema umehama dawati, hutaki kukaa na mtoto wa watu waliomkata mjomba vidole. Ulikuwa unasubiri nikusifu. Nami, nikijua ninachokijua, nilikwambia, "Kunywa chai kabla haijapoa."

Mwaka uliofuata mambo ya makabila yalipochafuka, wewe mwenyewe uliona. Sitasema ni mimi niliyeyaleta. Hayo yalitoka kwa wakubwa kuliko mimi. Lakini katika Chepseon yote duka lililovunjwa la kwanza lilikuwa lake, na walioingia walikuwa wakipiga kelele juu ya risasi na vidole. Nilizisikia kwa masikio yangu. Asubuhi alipakia vilivyobaki kwenye lori, mke wake na Wambui wakiwa wameshapanda mbele. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Aliniona. Nilitamani anitukane. Akauliza tu, "Arap Sang, watoto ni wazima?" Nikajibu, "Wazima." Lori likaondoka.

Hayo ndiyo yote. Sina mahubiri ya kuongeza, na nikijaribu utacheka. Nasema tu kwamba kesho kutwa serikali itakutia bunduki mkononi, na kando yako watasimama watoto wa kila jamii, na mmoja wao huenda ndiye atakayekugawia risasi. Ulichosema Jumapili kilikuwa mzaha, najua. Lakini niliutengeneza mimi ule mzaha, na sikuwa radhi uende nao huko ukidhani ni ukweli wa nyumba yetu. Ukiona mkono wako unasita kupokea kitu kwa mtu kwa sababu ya jina lake, ujue huo si woga wako. Ni wangu. Dawati lile, mimi ndiye niliyekuhamisha.

Na siku utakapokosea wewe, maana utakosea, utasikia teke la kwanza. Kila kosa hupiga teke dogo kabla ya lile kubwa. Hapo weka chini. Hasara ya siku ile ingekuwa risasi ishirini na tatu. Nazikumbuka kila mara ninapoona mjomba wako akifunga vifungo vya shati kwa meno.

Nasikia Baba Wambui yuko karibu na Molo, analima viazi. Wiki ijayo nitaenda. Sijui nitasema nini na huenda asinifungulie. Nikirudi nitaenda kwa chifu mpya nimweleze, na kama kuna la sheria, liwe. Ndiyo sababu nimekuandikia leo: usije ukalisikia kwa watu.

Asubuhi ya leo, wewe ukiwa bado umelala, nilianza na mwenyewe aliyeumia. Nilimkuta Kiplangat anakamua. Nilimweleza nimesimama, kama nilivyokueleza wewe, ila yeye nilimweleza vibaya zaidi, nikirudia rudia. Hakuacha kukamua mpaka nilipofika kwa risasi ya kwanza. Hapo akasimama. Akauliza, "Ilikupiga bega, ukajua?" Nikasema nilijua. Akauliza tena, "Ndio ukanipea mimi?" Nikasema ndiyo, nikakupa wewe. Aliinua ndoo ya maziwa kwa mkono wake mzima. Kisha akasema, "Enda nyumbani, shemeji." Akafunga lango nyuma yangu.

Kwa hiyo kesho asubuhi utamtafuta mjomba wako kituoni, maana aliahidi kukubebea sanduku. Hatakuja. Usidhani amekukasirikia. Na mama yako hatakuwa na la kukueleza, kwa kuwa naye atakuwa akitazama barabara akishangaa ndugu yake yuko wapi. Barua hii nitakupa kwenye dirisha la basi, uisome mkishaondoka. Mimi na mama yako tutarudi nyumbani kwa miguu, wawili tu, na kabla hatujafika langoni atakuwa amejua aliolewa na mtu gani.

Ni mimi baba yako,
Arap Sang